SANDUKU MOJA, SAUTI KUMI
Mpiga gita wa kambini aeleza jinsi amplifaya ya kuiga ilivyowafaa na ilivyowasumbua

Kila kambi ya shamba na kila mtaa wa kiwanda una mpiga gita wake. Mchana ni mkata miwa, mchuma chai, fundi wa mitambo au karani wa mizani. Jioni, akisha kuoga na kula, hukaa barazani na gita lake, na watu humzunguka. Huyo ndiye huitwa kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye sherehe za Mei Mosi, na hata siku ya mgomo, maana watu wanaosubiri majibu ya mwajiri wahitaji kitu cha kuwaweka pamoja.

Katika kurasa za chama tumezoea kusoma habari za panga, buti, glavu na miwani ya kukinga macho. Hizo ni zana za kazi, na ni haki kuzizungumzia. Leo tuizungumzie zana ya huyu mwenzetu mpiga gita, yaani amplifaya, lile sanduku linalokuza sauti ya gita la umeme. Hasa tutazame aina iliyoenea sana miaka hii, amplifaya ya kuiga, ambayo ndani ya sanduku moja hutoa sauti za amplifaya nyingi mashuhuri.

Mimi napiga gita la solo katika bendi ya wafanyakazi wa shamba moja la miwa huku Busoga, mashariki ya Uganda. Bendi yetu imelitumia sanduku la namna hiyo kwa miaka mitatu. Nawaandikia wenzangu wajue linafanya kazi gani, linasaidia wapi na linashindwa wapi. Tena kuna maswali mawili ambayo kila kikundi chapasa kujiuliza kabla ya kutoa fedha: chombo hiki kitakuwa mali ya nani, na siku kikiharibika, nani ataweza kukifungua?

AMPLIFAYA NI NUSU YA GITA

Wazee wetu walianza na gita kavu, yaani gita lisilo na umeme. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kusikika kote Afrika Mashariki, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo waitwa Likasi. Yeye hakuhitaji amplifaya. Tumbo la mbao la gita lake ndilo lililokuza sauti.

Gita la umeme ni jambo jingine. Mwili wake aghalabu ni ubao mzito usio na uwazi wa kutosha kukuza sauti. Chini ya nyuzi mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, waya ule huzaa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo huo ni dhaifu mno, hauwezi kusukuma spika. Amplifaya huupokea, huukuza, na hapo ndipo watu husikia muziki.

Katika kuukuza, amplifaya huubadilisha vilevile. Nyingine huung'arisha, nyingine huufanya mnene, nyingine huukwaruza. Gita moja likichomekwa katika amplifaya mbili litasikika kama magita mawili. Ndiyo maana mpiga gita husema amplifaya ni nusu ya chombo chake, na ndiyo maana wapiga gita wa dunia nzima wamehangaika miaka mingi wakitafuta sanduku la kuwafaa.

SAUTI ZINA WENYEWE

Sauti zinazoigwa leo hazikushuka kutoka mbinguni. Zilitoka viwandani, mikononi mwa wafanyakazi kama sisi.

Kampuni ya Fender ilianzishwa na Leo Fender mwaka 1946 huko Fullerton, California. Amplifaya zake za miaka ya 1950 ziliunganishwa kwa mkono, waya kwa waya, na wengi wa waliozilehemu walikuwa wanawake. Ndani ya nyingi za amplifaya hizo mna kipande cha utepe wa karatasi chenye jina la kwanza la mwanamke aliyeiunganisha: Lupe, Lily, na wengineo. Leo wanunuzi wenye fedha huyatafuta majina hayo kwa hamu. Katika kiwanda hicho hicho Abigail Ybarra aliingia kazini mwaka 1956. Akawa bingwa wa kuzungushia waya zile sumaku za magita, na hakustaafu hadi mwaka 2013.

Huko Uingereza, Jim Marshall alikuwa mwalimu wa kupiga ngoma mwenye duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, magharibi ya London. Mwaka 1962 mafundi wake waliichunguza amplifaya moja ya Fender iitwayo Bassman, wakaunda ya kwao kwa kufuata mpango wake, wakitumia vipuri vilivyopatikana kwao. Vipuri havikuwa sawasawa na vya Marekani, na sauti ikawa tofauti, kali zaidi. Huko Dartford, katika jimbo la Kent, fundi Dick Denney wa kampuni ya Jennings alibuni amplifaya za Vox. Mojawapo, AC30, ilitumiwa na Shadows na Beatles. Basi msomaji ataona kwamba kuiga hakukuanza leo. Hata Marshall, ambayo sasa huigwa na wote, ilianza kwa kuiga.

Moyo wa masanduku hayo yote ulikuwa valvu, vile vichupa vya kioo vinavyofanana na globu ndogo, ambavyo wazee wanavikumbuka katika redio za zamani. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haikati sauti ghafula. Huibana kidogo kidogo, na sauti hupata mkwaruzo mtamu. Kwa mhandisi wa redio hilo lilikuwa kasoro, lakini wapiga gita waliifanya kasoro hiyo kuwa mtindo.

Na ipo sauti moja katika masanduku haya ambayo historia yake yawahusu sana wanachama wetu. Ni ile sauti nzito, ya chini, inayonguruma kama mtambo. Tony Iommi wa Birmingham alikuwa kijana wa miaka 17 katika kiwanda cha kukata na kukunja mabati. Mwaka 1965, siku yake ya mwisho kazini, kwa maelezo yake mwenyewe, aliwekwa kwenye mashine asiyoizoea kwa sababu mwenye kazi hiyo hakufika. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni mtu wa shoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi.

Msimamizi wake wa kazi alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gita aliyepiga solo kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua kwa moto. Iommi akatiwa moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea kofia za vidole na kuzivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimtese. Mwaka 1968 yeye na wenzake waliunda bendi iliyokuja kuitwa Black Sabbath, na mngurumo wake ukaenea duniani. Leo kijana huupata mngurumo huo kwa kuzungusha kitufe kimoja. Ajue kwamba nyuma ya kitufe hicho yupo mfanyakazi aliyewekwa kwenye mashine asiyoizoea.

SANDUKU HUIGAJE?

Transista ilibuniwa Marekani mwezi wa Desemba 1947, na baada ya miaka kadhaa ikaanza kuziondoa valvu katika redio na mitambo mingi. Kiwanda cha Mullard huko Blackburn, Uingereza, kiliajiri maelfu ya watu katika kutengeneza valvu na vifaa vyake. Kazi ya valvu ikaisha hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi valvu hutengenezwa katika viwanda vichache tu, hasa Urusi, China na Slovakia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na biashara na Urusi ikavurugika, wapiga gita wa nchi nyingi walikimbilia kununua valvu za akiba.

Amplifaya za transista zilikuwa imara na nyepesi kuliko za valvu. Baadhi zilipendwa sana, kama Jazz Chorus ya Roland iliyotoka mwaka 1975, yenye sauti safi iliyotanda kama maji. Hata hivyo wengi waliendelea kuutamani mkwaruzo wa valvu. Ndipo wahandisi wakaanza kuzitumia kompyuta ndogo kuuiga. Roland ilitoa chombo chake cha VG-8 mwaka 1995. Kampuni ya Line 6 ya California ilitoa amplifaya ya kuiga mwaka 1996, na mwaka 1998 ikatoa POD, kisanduku chekundu chenye umbo la haragwe. Kampuni nyingi zikafuata. Katana ya Boss, ambayo wapiga gita wengi wameinunua, ilitoka mwaka 2016. Hata Fender yenyewe imeziiga amplifaya zake za zamani. Twin Reverb ya valvu ina uzito wa karibu kilo 29, na ile ya kuiga karibu kilo 15.

Kuelewa jinsi inavyofanya kazi si vigumu. Mfikirie karani wa mizani pale kiwandani. Kila trekta lipitalo, yeye huandika uzito. Mwisho wa siku miwa imekwisha kusagwa, lakini kwa zile tarakimu alizoandika twaweza kujua mzigo ulivyokuwa saa baada ya saa. Sanduku la kuiga lina karani wa umeme ambaye huupima mkondo wa gita mara 44,100 au zaidi kwa kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kwa tarakimu. Kisha chipu ya kompyuta huzipitisha tarakimu hizo katika hesabu zinazoeleza tabia ya amplifaya fulani: valvu zake hubana vipi, vitufe vyake hukata wapi, spika yake hutikisika namna gani. Hesabu zikiisha, tarakimu hugeuzwa tena kuwa mkondo, transista huukuza, na spika hulia. Yote hayo huchukua elfu chache tu za sekunde, na kwa kawaida sikio halioni kuchelewa.

Juu ya sanduku hukuti majina ya amplifaya zilizoigwa, kwa kuwa majina ya biashara hulindwa na sheria. Huandikwa maneno ya kudokeza tu, kwa mfano lile la kusema sauti hii ni ya Kiingereza.

LILIVYOTUFAA

Kabla ya kulinunua tulikuwa na amplifaya moja kuukuu ya transista ambayo magita mawili yaligombania. Solo ikipanda, rizimu ilizama. Sanduku la kuiga tulilolinunua ni la wati 50, lina uzito wa kilo zisizozidi 12, na mtu mmoja hulibeba begani au nyuma ya bodaboda. Faida tuliyoipata ni hii:

Kwanza, sauti safi. Muziki wetu ni wa rumba na sebene, na magita yetu yataka kung'ara ili kila kidole kisikike. Sanduku lina sauti moja safi ambayo nikiitia mwangwi kidogo hunitosha kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Katika sauti kumi zilizomo mimi hutumia mbili tu. Wimbo ukiwa katika maneno, natumia ya kwanza. Sebene ikianza na watu wakiinuka, nakanyaga swichi ya mguuni, naipata ya pili iliyo kali zaidi.

Pili, mazoezi ya usiku. Kambini nyumba zetu zimepakana ukuta kwa ukuta. Mwenzako aliyetoka zamu ya usiku analala mchana, na anayeingia alfajiri analala mapema. Amplifaya ya valvu yataka kupigwa kwa nguvu ndipo utamu wake utoke. Sanduku la kuiga hutoa ladha ile ile kwa sauti ndogo, tena lina tundu la hedifoni. Vijana watatu wamejifunza solo humo, na hakuna jirani aliyepeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kambi.

Tatu, umeme mdogo. Siku za mikutano ya chama uwanjani hatuna umeme wa waya. Jenereta ndogo huliendesha sanduku pamoja na kipaza sauti cha wasemaji. Zipo amplifaya nyingine za kuiga, ndogo zaidi, zinazotumia betri za kawaida za tochi. Hazitoshi kwa dansi, lakini zafaa kwa matanga na mikutano ya watu wachache.

Nne, usalama. Ndani ya amplifaya ya valvu mna umeme wa volti 300, 400 na zaidi, na baadhi ya vipuri hubaki na umeme huo hata baada ya kuizima na kuchomoa waya. Asiye fundi akitia mkono anaweza kufa. Sanduku la kuiga nalo lisifunguliwe ovyo, maana umeme wa ukutani huingia ndani yake. Lakini kwa bendi isiyo na fundi wake, hatari imepungua.

LILIVYOTUSUMBUA

Haifai kusifu tu. Taabu ya kwanza ni wingi wa sauti wenyewe. Majuma mawili ya mwanzo mazoezi yetu yaligeuka mchezo wa kuzungusha vitufe. Kila mtu alikuwa na sauti aliyoipenda, na nyimbo zikakaa bila kufanyiwa kazi. Kiongozi wetu wa bendi alilimaliza jambo hilo kwa kuchagua sauti mbili za solo na moja ya rizimu, akaweka alama za rangi ya kucha penye vitufe. Tangu hapo tukarudi kwenye muziki.

Taabu ya pili ni ukumbi. Sauti iliyokuwa tamu chumbani yaweza kupotea kabisa mbele ya ngoma, tumba na watu mia tatu wanaocheza. Mwangwi mwingi huficha gita. Ukumbini twapunguza mwangwi, twaongeza sauti ya kati, na twaliinua sanduku juu ya meza au kreti za soda ili spika itazame masikio ya watu na isipige miguu yao.

Taabu ya tatu ndiyo kubwa. Mwaka wa pili, usiku mmoja wa Jumamosi, umeme ulikatika katikati ya dansi. Uliporudi ulikuja kwa nguvu. Sanduku likanyamaza, taa yake ikazima. Asubuhi ya Jumatatu tulilipeleka mjini kwa fundi redio tunayemwamini kwa miaka mingi. Ile amplifaya yetu kuukuu ya transista ilipokufa, fundi huyo aliifungua mbele yetu, akapima, akabadilisha transista moja ya bei isiyofika kilo ya sukari, na jioni ile ile tukaipiga. Safari hii alifungua, akatazama, akatikisa kichwa. Ndani mlikuwa na bodi moja yenye chipu ndogo kama punje za mtama. Hakuwa na mchoro wake, wala programu iliyomo ndani ya chipu hawezi kuiandika upya. Akatuambia kwa unyofu: bodi hii haitengenezwi, hubadilishwa.

Wakala wa kampuni katika mji mkuu alitaka theluthi mbili ya bei ya sanduku jipya, na bodi ilichukua majuma kumi na moja kufika. Katika majuma hayo tuliiwasha tena ile kuukuu. Hapo kila mwanachama wa bendi alielewa jambo ambalo halikuandikwa kwenye karatasi ya matangazo: ukinunua chombo ambacho fundi wako hawezi kukifungua, umenunua pia utegemezi kwa mtu wa mbali.

Jambo hilo si la muziki peke yake. Ndugu zetu mafundi wa mitambo wanalijua. Trekta la zamani walilifungua chini ya mwembe kwa spana. Matrekta mengi mapya hayafunguki mpaka aje mtu mwenye kompyuta ya kampuni. Ujuzi wa fundi wetu haujapungua hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba chombo kimefungwa, na ufunguo umewekwa mahali pengine.

ZANA NI YA NANI?

Habari za nchi jirani zatufundisha kitu hapa. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, na kisha OTTU, bendi nayo ilibadilisha jina, na hatimaye ikajulikana kama Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa bendi ya kiwanda cha nguo cha Urafiki cha Dar es Salaam. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park.

Mpango huo ulikuwa na heshima yake. Mwanamuziki alihesabiwa kuwa mfanyakazi, alipata mshahara, na shirika lilinunua vyombo ambavyo yeye peke yake asingevipata maishani. Lakini vyombo vilibaki mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki aliyetaka kuhama aliondoka na vidole vyake tu. Aliyekuwa na amplifaya ndiye aliyekuwa na bendi.

Palikuwa na njia nyingine pia. Orchestra Maquis, iliyotoka kusini-mashariki ya Zaire na kufika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilijiendesha kwa ushirika wa wanamuziki wenyewe, ambao waliunda kampuni yao, OMACO. Hao walijua kwamba kumiliki zana ni kumiliki kazi.

Faida kubwa ya amplifaya ya kuiga, kwa maoni yangu, iko hapo. Zamani kupata sauti kumi kulihitaji masanduku kumi, na masanduku kumi yalihitaji tajiri au shirika. Leo watu tisa wa kambi moja wanaweza kuchangiana na kulinunua sanduku linalowatosha. Letu lilikuwa na bei sawa na mshahara wangu wa miezi miwili na nusu. Tulilichangia kwa miezi minane, kila mtu kwa kadiri yake, na aliyetoa kidogo hana sauti ndogo katika mkutano. Katika daftari la bendi yameandikwa majina ya wote tisa. Nakala yake tumeibandika kwa utepe nyuma ya sanduku, tukiwakumbuka akina Lupe na Lily wa Fullerton.

Tusisahau kwamba sanduku letu pia limeundwa na wafanyakazi. Amplifaya nyingi za kuiga huunganishwa katika viwanda vya Asia, kama vile China na Malaysia. Ndani yake sikuona utepe wenye jina. Mna namba ya mashine na alama ya kupita ukaguzi. Lakini mikono ilikuwapo.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa bendi na vikundi vya kambi vinavyofikiria kununua, yafuatayo yametokana na miaka yetu mitatu:

1. Kabla ya kulipa, muulize mwuzaji: bodi ikiungua, inapatikana wapi, kwa bei gani, na kwa muda gani? Akishindwa kujibu, hayo nayo ni majibu.

2. Nunueni kinga ya umeme siku ile ile. Yetu tuliinunua baada ya bodi kuungua, na bei yake haikufika sehemu moja ya kumi ya gharama ya matengenezo. Umeme ukikatika, chomoeni waya ukutani. Msiuchomeke mpaka umeme utulie.

3. Msikate ule waya wa ardhini katika plagi eti kwa kuondoa mvumo. Wapiga gita kadhaa duniani wamekufa wakiwa wameshika gita na kipaza sauti kwa wakati mmoja, kwa sababu ya vyombo visivyo na waya huo au vilivyounganishwa vibaya.

4. Msiiuze amplifaya ya zamani. Ile ambayo fundi wenu anaweza kuifungua ndiyo itakayowaokoa.

5. Lijaribuni sanduku mahali penu pa kazi, pamoja na ngoma na waimbaji. Sauti ya dukani si sauti ya uwanjani.

6. Andikeni makubaliano: mali ni ya nani, anayehama kambi atarudishiwa mchango wake vipi, nani atalitunza, na fedha za matengenezo zitatoka wapi. Sisi hutenga sehemu moja ya tano ya kila malipo ya dansi.

7. Mlindeni fundi wenu. Kijana wa kambini anayejua kulehemu apelekwe kusoma umeme wa vyombo vipya, na mfuko wa chama unaweza kumsaidia. Pale ambapo kuna mkataba wa hali bora ya kazi, wawakilishi wetu waweza kudai vyombo vya burudani na mafunzo ya ufundi viingizwe katika kifungu cha ustawi wa wafanyakazi.

Amplifaya ya kuiga ni chombo kizuri. Imetupunguzia mzigo, imewafundisha vijana wetu, na imetupa sauti ambazo wazee wetu walizisikia kwenye santuri tu. Wala haitamfanya asiyejua gita kulijua, maana vidole haviigwi kwa hesabu. Yapasa tuipokee kama tunavyoipokea mashine yoyote mpya inayoletwa kazini: kwa kuuliza ni ya nani, nani ameelekezwa kuitumia, na nani ataitengeneza. Bendi ambayo ingependa kuona daftari letu la michango na makubaliano yetu yaliyoandikwa, imwone mwakilishi wa chama katika tawi lake, naye atatufikishia ombi hilo.